Tarumbeta la Njia Panda Saba

Mwezi wa Sene, tarehe 17

Hema limeondoka leo. Watu wa chama cha kuzikana walilikunja likiwa limelowa, wakabeba mabenchi na masufuria yao, na ua wetu umebaki matope matupu. Ni siku ya nne tangu tumzike baba. Naandika kwenye daftari la shule kwa sababu shule ninayofundisha kule mjini Adama imefungwa msimu wa mvua, na hapa sina mtoto wa kumfokea. Mama hasemi neno. Mabuti ya baba yapo mlangoni pale pale alipoyavua, na ole wake atakayeyasogeza.

Sene 18

Mvua.

Sene 20

Katibu wa chama, Gashe Beyene, kaja na mwavuli na simu zake mbili. Kanywa kahawa, kasifia kahawa, kisha kalitazama tarumbeta la baba ukutani.

"Mwalimu, hili ni mali ya chama. Nitalichukua nikaliweke stoo."

"Mtampa nani sasa?"

"Hatumpi mtu. Zama hizo zimekwisha. Si umeona mazishi ya baba yako? Ujumbe mmoja tu wa simu, mtaa mzima ukajaa makaburini. Watu mia sita! Wala tarumbeta halikuhitajika."

Nilimwambia mama amelala, aje siku nyingine. Mama hakuwa amelala. Alikuwa nyuma ya pazia anatusikiliza, na katibu aliona vidole vyake vya miguu.

Miaka thelathini na moja baba yangu, Mekuria Desta, fundi viatu, alikuwa mwita watu wa chama hiki, bila malipo. Akifa mtu, baba anaamka saa kumi na moja alfajiri, anavaa mabuti, anashika tarumbeta na kuzunguka njia panda zote saba za mtaa, kuanzia kwenye kinu cha kusagia unga hadi bombani. Kila njia panda anapuliza mara tatu, ananyamaza kidogo, kisha anataja jina la marehemu na saa ya kuzika. Halafu anashinda huko akichimba kaburi, akipanga mabenchi, akiwashika mkono wafiwa. Nilipohitimu chuo alifika watu wameshaanza kutawanyika, suruali imejaa udongo wa makaburini. Nilimnunia wiki nzima. Nasema kweli, nilikuwa nawaonea wivu maiti.

Sene 23

Leo nimempelekea chakula Emama Zenebech, bibi kipofu anayeishi peke yake karibu na kinu. Hana ukoo wowote na sisi na si mwanachama. Baba alikuwa akimchotea maji kila asubuhi akishamaliza mambo yake, na mama ndiye aliyenituma leo, kwa kunisukumia kikapu bila neno.

Bibi alinipapasa uso. "Wewe si Mekuria."

"Ni Aynalem, binti yake."

"Ehee, mwalimu! Umekonda, huko Adama hawali? Haya niambie, baba yako ana nini? Kapita hapa leo alfajiri. Kapuliza mara tatu vizuri tu, nikakaa kitandani nangoja jina. Hakutaja. Nani amekufa?"

Hapo ndipo nilipotambua kwamba hakuna aliyemwambia. Hana simu, na habari zote za misiba alizipata kwa tarumbeta la baba. Nami nisingeweza kumwambia pale mlangoni, na kikapu mkononi. Kwetu habari ya kifo hairopokwi. Watu wazima hukusanyika alfajiri, wakaingia pamoja, wakaketi, ndipo wakasema.

"Baba kasafiri kidogo, Emama."

"Kasafiri na tarumbeta?" akacheka.

Sene 24

Nimelikagua tarumbeta. Limekauka, mdomo wake una vumbi. Bibi ni mzee na alfajiri huota mengi. Mvua.

Sene 29

Mvua. Mama kala nusu ya mkate wa injera. Kahawa ya baba anaimimina kwenye kikombe chake kila asubuhi na kuiacha ipoe.

Hamle 4

Nimelisikia mwenyewe.

Ilikuwa karibu kupambazuka, ukungu umeshuka hadi kwenye madirisha. Mara tatu, mbali, upande wa njia panda ya mhunzi, ambayo ni ya pili kutoka kinuni. Mlio wa tatu ulikatika mwishoni, na ni baba tu aliyekuwa akiukata hivyo, kwa sababu ya pengo la jino. Kisha kimya. Nilijikuta nimeketi, natega sikio ningoje jina, kama nilivyofanya utoto wangu wote. Halikuja. Mbwa hawakubweka. Tarumbeta lilikuwa ukutani juu ya kichwa changu, nikalitazama mpaka kukapambazuka kabisa.

Hamle 5

Sokoni kila mtu anazungumza juu ya bei ya vitunguu, kwa sauti kubwa mno.

Hamle 11

Tena. Njia panda ya tatu, ya muuza nyasi. Mara tatu, kimya.

Asubuhi Wozero Tsige, jirani yetu, kaja kuomba chumvi akiwa amejitanda shuka yake kwa mtindo wa kwenda msibani. Nikamuuliza anakwenda kwa nani.

"Sijui," akasema. "Nilisikia kitu, nikavaa. Nikatoka. Nje tulikuwa sita hivi, kila mtu kavaa, tunatazamana kama kondoo. Mlango wa nani twende? Hakuna anayejua. Tukarudi." Akaitazama dari. "Baba yako alikuwa mtu mwema sana, Aynalem. Mtu mwema hasumbui watu."

Hakuchukua chumvi.

Hamle 12

Mama kaniambia maneno mawili ya kwanza tangu mazishi. Alikuwa anaosha vyombo, mgongo kanipa.

"Ananijia taratibu."

Nikamuuliza nani, ingawa nilijua. Jioni alifungua sanduku, akatoa gauni lake jeupe la sikukuu, akalifua. Na mvua hii! Sasa limetandazwa karibu na moto, linatoa mvuke.

Hamle 15

Sasa nimeelewa gauni ni la nini. Mama anajiandaa. Anahesabu njia panda kama ninavyozihesabu mimi: kinu, mhunzi, muuza nyasi. Zimebaki nne, halafu lango letu. Anala vijiko viwili na kusema ameshiba. Mkono wake umekuwa mwepesi, ukiushika unahisi mifupa tu. Nimeshampoteza mmoja msimu huu, na ninaogopa sana, nasema wazi. Sitaki kubaki na nyumba yenye mabuti mlangoni na mimi peke yangu ndani.

Hamle 18

Ya nne, njia panda ya kanisa.

Hamle 21

Siku ya arobaini. Watu wengi, mapadri wamesoma, tumelisha maskini. Kila mtu ana kisa chake. Mmoja anasema baba alimbebea mkewe mgonjwa mgongoni hadi zahanati. Mwingine anasema baba alimshonea viatu vya harusi na kukataa asante. Mwanamke nisiyemfahamu akaniambia, "Alikuwa akikutaja wewe kila saa. Mwanangu mwalimu, mwanangu mwalimu, mpaka tukachoka." Nikaenda kulia jikoni, kwenye moshi, mahali ambapo hakuna anayekuuliza kwa nini macho ni mekundu.

Wakati wa kuondoka Gashe Beyene akarudia habari ya stoo. Nikamjibu mbele ya watu.

"Gashe Beyene, kama mna simu, tarumbeta la nini?"

"Ni utaratibu, mwalimu. Pia..." Akashusha sauti. "Pia likikaa stoo chini ya kufuli, watu watalala vizuri."

"Unadhani ni mimi ninayelipuliza?"

"Sijasema hivyo."

"Basi umelisikia na wewe."

Akafungua mwavuli humo humo ndani ya nyumba, akatoka.

Hamle 27

Ya tano, ya mkaratusi uliopigwa na radi. Mama kanywa maji tu.

Nehase 2

Mfungo wa Filseta umeanza jana, na mama kapata kisingizio. Nikimsihi ale, anasema amefunga. Nikimwambia wafungao hula jioni, anasema jioni haijafika. Saa mbili usiku, jamani, na jioni haijafika!

Nehase 6

Jana nilifanya jambo la kitoto. Nililishusha tarumbeta, nikalifunga kwa kanga ya mama, nikaliweka chini ya godoro langu na kulala juu yake. Alfajiri likalia njia panda ya sita, ya duka la mafuta ya taa. Mara tatu, mlio wa tatu umekatika. Chini yangu nilihisi shaba ile ikiwa baridi kama jiwe la mtoni, haikutikisika hata kidogo.

Nimelirudisha ukutani. Sasa ninajua kwamba si Tsige anayenizulia, wala si ndoto ya bibi.

Nehase 9

Mvua. Paa linavuja juu ya kitanda cha baba. Mama kaweka sufuria.

Nehase 17

Mfungo umeisha jana. Mtaa mzima unanuka kuku wa kupikwa. Mama kaonja mchuzi, kaweka kijiko chini.

Nehase 19

Ya saba. Bombani. Kutoka bombani hadi langoni kwetu ni hatua arobaini, nilizihesabu nilipokuwa mtoto nikibeba maji.

Safari hii nilitoka. Sijui nilipata wapi moyo. Nilisimama langoni na shali kichwani, ukungu mzito hata mkono wangu sikuuona. Likalia pale, karibu kabisa. Mlio wa kwanza niliuhisi kwenye meno. Baada ya wa tatu kikawa kile kimya chake, na ndani ya kimya hicho nikasikia mtu akivuta pumzi, vile mtu avutavyo anapotaka kusema kitu kirefu. Kisha pumzi ikatoka tupu.

Nikaita, "Baba?"

Hakuna kitu. Maji ya bomba tu yakidondoka.

Niliporudi ndani mama alikuwa ameketi kitandani na gauni jeupe amelivaa.

"Bado lango," akasema. Alikuwa anatabasamu, na nilimchukia kwa tabasamu lile.

Nehase 20

Nimelificha gauni. Mama halitafuti. Analala tu, akiutazama mlango.

Nehase 28

Emama Zenebech leo hakunipapasa uso. Alinishika mkono wote, hadi kiwikoni, akanikalisha.

"Binti Mekuria, baba yako bado hajarudi safari?"

"Bado, Emama."

"Mimi sina macho, lakini masikio ninayo. Kila baada ya siku kadhaa anapita. Anasogea huko juu, kwenu. Anapuliza, ananyamaza. Kimya chake nakipima. Kina urefu wa jina la mtu na jina la baba yake. Miaka thelathini na moja nimemsikia mtu huyu akitaja majina. Alitaja la kichaa wa sokoni ambaye hakuwa na ndugu, na chama kikamkaripia. Alitaja la kichanga kilichoishi siku mbili. Hajawahi kushindwa na jina." Akanikaza mkono. "Sasa nakuuliza wewe uliyesoma. Ni jina gani ambalo Mekuria hawezi kulitaja mwenyewe?"

Nilinyanyuka. Nadhani hata sikuaga. Nimetembea hadi nyumbani kwenye mvua bila kujifunika, nikijiita mjinga kila hatua.

Hatukumwita. Watu mia sita makaburini, na hakuna hata mmoja aliyesimama njia panda akasema Mekuria Desta amefariki. Katibu alituma ujumbe wa simu. Kwa kuwa kila mtu alifika, hakuna aliyegundua kwamba mwita watu amezikwa bila kuitwa. Anajaribu kuifanya kazi yake hadi mwisho, maskini baba, na hakuna mtu anayeweza kutangaza kifo chake mwenyewe.

Nehase 30

Nimekwenda kwa Gashe Beyene. Nilimkuta anafuta mwavuli. Nikamweleza yote kwa pumzi moja. Nilitegemea anicheke.

Akakaa chini. "Langoni kwangu alisimama muda mrefu kuliko kwingine," akasema. "Duka la mafuta ya taa ni langu, unajua. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nikadhani ananilaumu kwa habari ya kichaa wa sokoni." Akajisugua macho. "Ule ujumbe, mwalimu, niliuandika nikiwa kitandani. Nilisita kidogo, nikajiambia, nani atampulizia mpulizaji? Nikabonyeza."

"Nitapuliza mimi. Kesho Pagume inaingia, na ni siku ya themanini."

"Mwanamke hajawahi kulishika."

"Basi nizuie."

"Katiba ya chama inasema..." Akatazama mvua. "Mimi kesho nitaamka mapema kwa mambo yangu. Nikikuona barabarani, sijakuona."

Pagume 1

Nimerudi. Nimelowa hadi ndani ya mifupa na midomo yangu imechanika, lakini nataka niandike kabla sijalala.

Saa kumi na moja nililishusha tarumbeta. Mama alikuwa macho, hakuuliza. Nikapita karibu na mabuti mlangoni, nikashuka hadi kinuni, mwisho wa mtaa. Ukungu ulikuwa umelala chini. Nilipuliza. Aibu! Sauti ilitoka kama ya mbuzi aliyekabwa. Nikajaribu tena, ikatoka. Mara tatu. Kisha nikavuta pumzi, na hapo nikaelewa kazi aliyokuwa akiifanya mtu yule kila mara, kwa sababu jina lilikataa kutoka. Kulitaja ni kumzika kwa mkono wako. Nikalisukuma.

"Sikieni, enyi watu wa mtaa! Mekuria Desta, fundi viatu, mwita watu wenu, amefariki! Amezikwa kwenye kanisa la Medhane Alem! Mwombeeni!"

Mlango wa Emama Zenebech ulifunguka. Alikuwa amevaa, shuka imeshatandwa kimsiba. Hakupiga kelele kwanza.

"Nilijua tangu siku ile ulipoleta kikapu wewe badala yake," akasema. "Lakini mtu hajiambii mwenyewe, mwanangu. Nilikuwa nangoja niambiwe." Ndipo akaketi kizingitini, akapiga kifua, akamlilia.

Kwa mhunzi nilipuliza vizuri zaidi. Milango ikafunguka. Kwa muuza nyasi pia. Watu waliokwenda msibani siku themanini zilizopita walitoka tena na shuka zao, wakasimama mvuani kama vile ndiyo kwanza wanasikia. Baadhi walilia kuliko siku ya mazishi. Njia yote nilisikia matope yakipigwa ubavuni kwangu, chapa, chapa, nikajua ni Gashe Beyene na mambo yake ya mapema. Sikugeuka, nikaogopa nitalia nishindwe kupuliza. Kanisani. Kwenye mti wa radi. Dukani. Bombani. Kufikia bombani sauti yangu ilikuwa imekwisha, jina lilitoka kama kukohoa.

Likabaki lango letu.

Hapa lazima nieleze jambo nililokuwa nimelisahau. Langoni kwetu baba hakupuliza hata siku moja, maisha yake yote. Akifika hapo alilishusha tarumbeta na kulitaja jina la marehemu kwa kunong'ona, kwa sababu mimi nilikuwa nimelala. Nilipokuwa mtoto mara nyingine niliamka na kumsikia. Baadaye nikakua, nikahamia mbali, naye akaendelea kunong'ona.

Kwa hiyo sikupuliza. Nililishusha tarumbeta, nikafungua mdomo, na hakikutoka hata kinong'ono. Nilisimama pale nikitikisa kichwa. Nikasikia ile pumzi ikivutwa tena, karibu na sikio langu, na ikashikiliwa.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Mama akaja peku kwenye matope, na gauni jeupe. Alikuwa amelipata, kumbe alijua nilikolificha. Alitembea polepole, amekonda, nikafikiri, basi, anakwenda. Nikamshika mkono kwa nguvu zangu zote. Alifika langoni, akaweka kiganja kwenye mbao, akasema taratibu, vile asemavyo mtu asiyetaka kumwamsha mtoto:

"Mekuria Desta. Amefariki. Mekuria wangu amefariki."

Pumzi ile ikatoka. Ilikuwa ya moto shavuni mwangu, kisha haikuwapo.

Mama alilia hapo hapo langoni, kwa mara ya kwanza, nikambeba hadi ndani.

Pagume 2

Kala injera nzima. Nzima!

Pagume 3

Leo ni siku ya mvua ya baraka, watu wote wako nje wanaogeshwa na mbingu, watu wazima wanarushiana maji bila haya. Alfajiri ilikuwa kimya. Nimempelekea Emama Zenebech ndoo mbili.

"Mlitembea vizuri juzi," akasema.

"Asante. Gashe Beyene alinisindikiza."

"Beyene?" Akakunja uso. "Beyene alikuwa hapa kwangu, alinishika mkono nilipokuwa nalia. Alibaki mpaka kukapambazuka. Mimi nawazungumzia nyinyi wawili. Viatu vyako vyepesi, na mabuti yale mazito, la kushoto linaburuta."

Nimerudi nyumbani mbio. Mama alikuwa ameketi kizingitini, juani, mvua imekatika, jua la kwanza katika miezi miwili, na mabuti ya baba yapo mapajani mwake. Yamekaa mlangoni siku themanini na mbili, nami nimeyaruka kila siku, na hadi juzi alfajiri udongo wake ulikuwa mkavu, umepasuka. Sasa yalikuwa yamejaa matope mabichi hadi juu, na mama alikuwa anayakwangua kwa kisu, bila haraka, kama alivyofanya kila baba alipotoka kuita.

Akaniinulia macho.

"Kayavulia mlangoni, kama kawaida yake," akasema. "Leta maji tuyaoshe, tuyaweke ndani."

Nikaleta maji.